Jiwe Hili Liliwekwa na Nani? Mwongozo wa Kufuatilia Asili ya Mawe ya Zamani Mjini

Maswali ni yale yale. "Kuna jiwe lenye namba mbele ya duka letu, ni la nini?" "Hili lenye mshale ni la Mjerumani?" "Hapa pana kaburi au ni mpaka wa kiwanja?" Inaletwa picha moja iliyopigwa saa sita mchana, maandishi hayasomeki, na muuliza swali anataka jibu leo. Kwa picha ile jibu halipatikani. Njia ya kulitafuta ipo, na mtu yeyote mwenye simu, futikamba na subira anaweza kuifuata, awe Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Nairobi au Mji Mkongwe wa Unguja.

Shika jambo moja kabla ya yote. Swali la "jiwe hili ni la lini" ni maswali matatu yaliyobebana: lilichongwa lini, liliandikwa lini, na lilisimamishwa hapa lilipo lini. Majibu mara nyingi hayalingani. Sanamu ya Askari iliyopo Samora, Dar es Salaam, imeandikwa miaka ya vita, 1914 hadi 1918, lakini ilizinduliwa 1927, na mahali pale palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, wakati wa Wajerumani. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilijengwa kati ya 1593 na 1596, ila maandishi ya Kireno juu ya lango lake ni ya 1639. Nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi ina msalaba wa jiwe kutoka Ureno, lakini ile nguzo ya matumbawe inayoubeba ni ya baadaye sana. Anayechanganya maswali haya matatu hupata jibu zuri la swali ambalo hakuulizwa.

Unachohitaji

- Simu yenye kamera. Kamera kubwa ni nyongeza tu.
- Futikamba yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Upande wa inchi una kazi maalumu, tutaufikia.
- Tochi yenye mwanga mkali. Tochi ya simu hutosha kwa maandishi makubwa tu.
- Kioo cha mkononi, cha ukubwa wa sahani, kwa kazi ya mchana.
- Brashi ya rangi, mpya, laini, ya inchi mbili.
- Maji safi kwenye chupa ya kupulizia. Maji matupu, yasiwe na sabuni.
- Dira (iliyomo kwenye simu inafaa, ukiisogeza mbali na vyuma).
- Daftari na penseli. Kwenye vyumba vya nyaraka kalamu ya wino hairuhusiwi, kwa hiyo zoea penseli mapema.
- Rula au fimbo iliyogawanywa kwa sentimita kumi kumi, ya kuweka kwenye picha.

Usivyobeba ni muhimu vilevile: brashi ya waya, sabuni ya unga, jiki, siki, ndimu, patasi, chaki, unga wa ngano. Kila kimoja kati ya hivi kimeharibu jiwe mahali fulani. Siki na ndimu huyeyusha matumbawe, chokaa na marumaru. Chaki ikijazwa kwenye herufi hubaki kwenye vitundu kwa miaka, tena aliyeijaza hujaza anachodhani anakiona, na anayemfuata husoma dhana yake badala ya jiwe.

Ruhusa kwanza

Jiwe lililo kando ya barabara ya wazi unaweza kulipiga picha bila shida, lakini mtu anayepiga magoti mbele ya jiwe na futikamba mkononi huvuta macho. Pitia ofisi ya serikali ya mtaa (Kenya, kwa chifu) ujitambulishe. Kama jiwe limo ndani ya uwanja wa msikiti, ongea na kamati ya msikiti. Kama ni kanisani, na paroko au mchungaji. Kama ni karibu na reli, bandari, kambi au jengo la serikali, usipige picha hata moja kabla ya kupata kibali.

Kuchimba ni habari nyingine kabisa. Tanzania Bara ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964, Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, na zote mbili zinataka kibali cha mamlaka kabla ya kuchimba au kuhamisha kitu cha kale. Kufukua sentimita kumi "nione tu kama kuna maandishi chini" ni kuchimba.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kusafisha

Piga picha nane angalau: pande nne, juu, kitako, moja ya mbali inayoonyesha jengo au njia iliyo jirani, na moja ya karibu yenye rula. Simama sawa na jiwe, lenzi iwe katikati yake. Ukipiga kutoka juu ukiwa umesimama, herufi za chini zitafupika na vipimo vitadanganya.

Ndipo upanguse vumbi kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini. Madoa ya kijani na kijivu yaliyoota juu ya jiwe yaache. Mizizi yake imeingia kwenye jiwe, na ukiyakwangua yanaondoka na ngozi ya juu, pamoja na herufi. Jiwe likibonyea au kutoa unga chini ya brashi, acha mara moja.

Hatua ya 2: Soma kwa mwanga wa pembeni

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mwanga ukigonga jiwe uso kwa uso, hakuna kivuli. Bila kivuli, hakuna herufi. Unataka mwanga unaolamba uso wa jiwe kutoka ubavuni, karibu sambamba nalo.

Jua la saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni linafaa, mradi jiwe limeelekea vizuri. Kama halijaelekea hivyo, rudi usiku na tochi. Simu ikae mahali pamoja bila kutikisika, msaidizi ashike tochi sentimita tano hadi kumi kutoka ukingo wa jiwe, na upige picha moja kwa kila upande: kushoto, kulia, juu, chini, kisha pembe nne zilizobaki. Picha nane, jiwe halijasogea, simu haijasogea. Mstari usioonekana kwenye ya kwanza hujitokeza kwenye ya tano. Mchana tumia kioo: jiwe likiwa kivulini, shika kioo juani pembeni yake, rushia mwanga wa jua kwenye jiwe kwa pembe ndogo.

Jiwe jeusi au la kijivu hupendeza likiloweshwa kidogo kwa maji, kwani shimo la herufi hukauka kwa kuchelewa. Dakika mbili za mwanzo wa kukauka ndizo za kupiga picha.

Kama hakuna herufi ila vitundu vidogo vilivyopangika, usikate tamaa. Huenda jiwe lilikuwa na herufi za madini ya risasi zilizopigiliwa. Herufi zimebanduka, vitundu vya pini vimebaki. Chora vitundu vyote kwa kipimo kwenye karatasi, kisha jaribu herufi juu yake. Herufi I huacha vitundu viwili au vitatu kwenye mstari mmoja, na O huacha duara.

Ukishasoma, nakili kila alama kama ilivyo, makosa yake yakiwemo. Penye herufi usiyoiona weka nukta. Penye herufi unayoikisia weka mabano. Usirekebishe tahajia: Kiswahili kilichoandikwa kabla ya kamati ya kusanifisha lugha kuundwa 1930 kina tahajia za kila namna, na tahajia hiyo ni ushahidi wa tarehe.

Hatua ya 3: Pima kwa sentimita, kisha kwa inchi

Pima urefu, upana na unene sehemu tatu kila kimoja, juu, katikati na chini. Pima pia urefu wa herufi moja kubwa.

Sasa angalia namba. Ukipata 30.5, 45.7 au 61, geuza futikamba: hizo ni inchi 12, 18 na 24 kamili, na jiwe huenda lilikatwa na watu waliofanya kazi kwa kipimo cha Kiingereza. Ukipata 30, 50 au 60 kamili, mkono wa Mjerumani au kazi ya baada ya uhuru unawezekana. Kipimo hiki peke yake si hukumu, maana fundi hukosea nusu inchi. Ila kikilingana na mambo mengine mawili, kina uzito.

Kwa mawe ya kaburi la askari, kipimo kinasema zaidi. Jiwe la kawaida la kamisheni ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917, lina upana wa sentimita 38 na unene wa sentimita 7.6. Ukilikuta ukutani mwa nyumba au kwenye mfereji, halikuanzia hapo. Makaburi 660 ya Vita ya Kwanza yaliyokuwa Ocean Road, Dar es Salaam, yalihamishwa 1968 kupisha barabara, na ndiyo chanzo cha makaburi ya vita yaliyopo barabara ya Bagamoyo. Mawe huhama.

Hatua ya 4: Tambua jiwe ni la aina gani

Huhitaji kuwa mjiolojia. Angalia karibu, kwa jicho au kwa kamera ya simu iliyokuzwa.

Matumbawe yana vitundu vya nyota au vya sega, na vipande vya chaza. Ndiyo mawe ya pwani, na ukiyakuta Nairobi au Dodoma, kuna mtu aliyeyabeba. Mawe yanayochimbwa kuzunguka Nairobi ni ya volkano, kijivu au samawati, na chembe zake ni ndogo. Itale ina punje zinazometa za rangi tofauti. Marumaru nyeupe laini kwenye miji yetu mara nyingi iliagizwa kutoka nje, na aliyeagiza alikuwa na fedha: serikali, kampuni, jumuiya ya dini au familia tajiri.

Zege huwahadaa wengi kwa sababu likizeeka hufanana na jiwe. Tafuta kokoto zilizokatika, mistari iliyoachwa na mbao za fremu iliyotumika kulimwagia, au kutu ya nondo inayovuja. Saruji ya kisasa ilipewa hataza 1824, kwa hiyo "nguzo ya Wareno" ya zege haiwezi kuwa ya Wareno.

Kisha shuka kwenye kitako. Gundi iliyoshika jiwe ni nyeupe, yenye vipande vya chaza au mkaa? Hiyo ni chokaa. Ni ya kijivu na ngumu? Saruji. Jiwe la matumbawe lililosimama kwenye saruji ya kijivu lilisimamishwa upya, au angalau lilikarabatiwa. Andika mawili hayo kama vitu viwili tofauti kwenye daftari lako: jiwe, na kitako.

Hatua ya 5: Tafsiri herufi na alama

Sehemu hii ndiyo yenye mavuno makubwa, kwa hiyo usiende mbio.

*Herufi za wafalme.* VR ni Victoria, aliyefariki 1901. E VII R ni Edward wa Saba, 1901 hadi 1910. G V R ni George wa Tano, 1910 hadi 1936. G VI R ni 1936 hadi 1952. E II R ni kuanzia 1952. Sasa tumia akili ya historia: Waingereza waliiteka Dar es Salaam 1916. Jiwe lenye VR pale Dar es Salaam halikuwekwa na serikali ya hapo. Ama limeletwa, ama ni la mtu binafsi. Kule Mombasa VR haina ajabu.

*Herufi za reli.* U.R. ni reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896. K.U.R., reli ya Kenya na Uganda, ni jina lililofuata katikati ya miaka ya 1920, likadumu hadi 1948. T.R. ni reli ya Tanganyika chini ya Waingereza, nayo ikaishia 1948. E.A.R. & H. ni shirika la pamoja la reli na bandari za Afrika Mashariki la kuanzia 1948. Herufi tatu tu, na umeshapunguza miaka mia kuwa ishirini na kidogo.

*Herufi za makampuni na nchi.* I.B.E.A. ni kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati 1888, ikaachia serikali 1895. D.O.A.G. ni kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. D.O.A. ni koloni lenyewe la Kijerumani. P.W.D. ni idara ya kazi za umma ya Waingereza.

*Mshale.* Mshale wa miguu mitatu ulioelekea juu, ukigusa mstari mlalo, ni alama ya wapima ardhi wa Kiingereza: mstari ule ndio kimo kilichopimwa. Mshale huohuo ukikaa katikati ya W na D ni mpaka wa eneo la jeshi. Herufi T.P. kwenye jiwe la Kijerumani ni kituo cha upimaji wa pembetatu.

Na hapa lazima tuseme wazi. Mshale hauelekezi kwenye dhahabu. Msalaba juu ya bikoni, yaani jiwe la alama ya upimaji, haumaanishi sanduku la fedha, wala Mjerumani hakuzika mali chini ya kituo cha upimaji. Msalaba ule ni nukta ambayo mpimaji aliweka chombo chake juu yake. Bikoni nyingi zimevunjwa na watu waliochimba usiku wakitafuta utajiri, na walichokipata ni kitako cha zege. Kwa sababu hiyo, jiwe lililo mahali pasipo na watu usilitangaze kwa vipimo kamili vya ramani.

*Kijerumani.* "Errichtet" ni "lilisimamishwa". "Hier ruht" ni "hapa amepumzika". "Geb." ni kuzaliwa, "gest." ni kufariki. Kwenye hati zao za kale, s ndefu hufanana na f, na namba 1 ina mkono mrefu hata ikasomwa 7.

Hatua ya 6: Geuza tarehe

Pwani yetu ina kalenda zaidi ya moja, na kosa la hapa huzaa kosa la karne nzima.

Mwaka wa Hijria: zidisha kwa 0.97, ongeza 621.6. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ina mwaka 500. Mara 0.97 ni 485, ongeza 621.6, unapata 1106 na nusu. Yaani mwaka ule ulianza katika 1106 na kuisha 1107. Kaburi lenye tarehe pale Gedi lina 802, na kwa hesabu hiyohiyo unapata 1399. Usijumlishe 622 peke yake: kwa mwaka 1316 utapata 1938, wakati jibu ni 1898. Kosa hili tunaliona kuliko yote.

Tarakimu zenyewe zina mitego. Sifuri ya Kiarabu (٠) ni nukta tu, nayo hufanana na kitundu cha matumbawe. Tano (٥) ni duara, na asiyezoea huisoma sifuri. Mbili (٢) na tatu (٣) hutofautiana kwa jino moja, na jino hilo ndilo huliwa kwanza na mvua. Ukiona maandishi ya Kiarabu bila mwaka wowote, mpelekee picha mwalimu anayejua hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake. Wakati mwingine mwaka umefichwa ndani ya herufi za ubeti.

Mawe ya Kihindi yenye hati ya Kigujarati mara nyingi hutumia mwaka wa Samvat, kalenda ya Wahindu. Mwaka wao huanza baada ya Diwali, kwa hiyo toa 57 kama mwezi ulioandikwa unaangukia Novemba au Desemba, toa 56 kama ni Januari hadi Oktoba mwanzoni. Samvat 1965 ni mwishoni mwa 1908 na sehemu kubwa ya 1909. Mabohora na Maithnaashari hutumia Hijria, ingawa nao waliandika Kigujarati. Angalia namba kabla ya kuchagua kanuni. Namba ya 1300 na kitu ni Hijria, ya 1900 na kitu inaweza kuwa Samvat au Masihi.

Hatua ya 7: Soma mahali

Shika dira. Kutoka Unguja, Tanga au Mombasa, kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo kaburi la Kiislamu hulala mashariki na magharibi. Jiwe la kaburi la Kiislamu lisilofuata mwelekeo huo huenda limehamishwa au limegeuzwa.

Kama jiwe lina namba tu, fikiri umbali. Jaribu maili (kilomita 1.6 kila moja) na kilomita, ukipima kwa njia ya zamani badala ya barabara kuu ya leo. Reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi 1899 ilikuwa imetembea maili 327. Namba inayokaribia hiyo, kando ya reli ya zamani ya Nairobi, inajieleza. Lakini si kila jiwe la umbali ni la njia. Nguzo ya Galton-Fenzi pale Kenyatta Avenue, Nairobi, imeandikwa umbali wa miji mingi, nayo ni ukumbusho wa mtu.

Namba isiyolingana na umbali wowote huenda ni ya kiwanja. Tafuta jiwe la pili. Bikoni za mpaka hazikai peke yake, zipo kwenye kila kona, na namba zake mara nyingi hufuatana. Ukipata la pili umemaliza nusu ya kazi: kinachobaki ni ofisi ya ardhi na ramani ya upimaji.

Hatua ya 8: Waulize wazee, lakini uliza vizuri

Anza na shikamoo, kaa chini, usitoe simu ya kurekodi kabla ya kuomba. Kosa kubwa ni kumpa mzee jibu ndani ya swali. "Babu, hili jiwe ni la Mjerumani, eti?" Atasema ndiyo, kwa adabu tu. Uliza: "Mlikuwa mnalitumia kwa nini?" "Mlilikuta hapa, au lililetwa mkiona?" "Palikuwa na nini hapo kabla ya hili duka?"

Kwa miaka, tumia matukio. Lilikuwepo kabla ya Uhuru, 1961 (Kenya 1963)? Kabla ya Mapinduzi, 1964? Wakati wa Azimio la Arusha, 1967? Vita ya Kagera, 1978? Mvua za El Nino, 1997? Mtu anayesema "zamani sana" huweza kukumbuka kwa uhakika kwamba alikalia jiwe hilo akisubiri gari wakati wa vita ya Amin.

Waulize wazee watatu wasiokaa baraza moja. Watatu wa baraza moja ni shahidi mmoja.

Hatua ya 9: Nenda kwenye nyaraka

Sasa, na si kabla. Ukienda bila miaka na bila jina la idara, utaletewa mafaili hadi jioni na hutapata kitu.

Andaa majina ya kale ya mtaa. Samora ya Dar es Salaam ilikuwa Acacia Avenue, na kabla yake Unter den Akazien. Kenyatta Avenue ya Nairobi ilikuwa Delamere Avenue, Moi Avenue ilikuwa Government Road. Faili la 1925 halina neno Samora.

Kwa Tanzania Bara, Nyaraka za Taifa zipo Upanga, Dar es Salaam, na zina mafaili ya Kijerumani pamoja na ya Kiingereza. Zanzibar ni Kilimani. Kenya ni Moi Avenue, Nairobi. Piga simu kabla, uliza masharti ya kibali cha utafiti na malipo, na nenda na barua ya utambulisho. Kwenye fahirisi tafuta kazi za umma, miji, upimaji, makaburi, reli na kumbukumbu za vita. Neno "jiwe" peke yake halitakusaidia.

Kwa kilichopo mtandaoni: mafaili ya wizara ya makoloni ya Kijerumani yapo Bundesarchiv, Berlin, chini ya alama R 1001, na mengi yamepigwa picha. Gazeti la *Deutsch-Ostafrikanische Zeitung*, lililotoka Dar es Salaam kuanzia 1899, linasomeka kwenye maktaba ya Berlin. Barua za Waingereza zipo London: CO 533 kwa Kenya, CO 691 kwa Tanganyika. Gazeti la serikali la Kenya linapatikana mtandaoni na linatafutika kwa neno. *Mambo Leo*, la kuanzia 1923, linafaa kwa uzinduzi na sherehe. Mkusanyo wa picha wa Winterton, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una maelfu ya picha za Afrika Mashariki. Picha moja yenye tarehe, jiwe likionekana nyuma ya watu, hushinda hadithi kumi.

Ramani: tafuta za mji, za kipimo cha 1:5,000 au kikubwa zaidi. Ramani ya Kijerumani ya 1:300,000 ni nzuri, lakini mji mzima humo ni kama ukucha. Tafuta ramani mbili, moja isiyo na jiwe na nyingine inayolionyesha. Kati ya miaka yao ndimo jibu lilimo.

Hatua ya 10: Andika ulichokipata

Ukurasa mmoja unatosha: mahali, vipimo, aina ya jiwe, aina ya kitako, maandishi yaliyonakiliwa, na majibu ya yale maswali matatu, kila moja na ushahidi wake. Tenganisha "jiwe linasema", "faili linasema" na "mzee amesema". Usitaje jina la mzee bila idhini yake. Nakala moja ipeleke makumbusho au ofisi ya mambo ya kale ya eneo lako. Pale Mji Mkongwe, kwa mamlaka ya hifadhi ya mji.

Ukikwama

*Maandishi hayasomeki hata usiku.* Geuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, ongeza ukali wa vivuli, kisha igeuze rangi iwe kinyume. Ikishindikana, pima urefu wa mistari na nafasi kati yake. Idadi ya herufi huweza kulinganishwa na maandishi unayoyadhania.

*Kusugua karatasi kwa nta juu ya jiwe, inafaa?* Kwa itale ngumu isiyo na ufa, ndiyo, kwa mkono mwepesi. Kwa matumbawe, chokaa au jiwe linalobanduka, hapana.

*Jiwe limepakwa rangi ya chokaa au ya mafuta.* Usilikwangue. Mwanga wa pembeni huweza kuonyesha herufi hata zikiwa chini ya tabaka tatu nne za rangi. Tabaka zenyewe zikionekana mahali palipobanduka, zipige picha kwa karibu: rangi ya chini kabisa huenda ndiyo ya idara iliyoliweka.

*Jiwe lina mwaka, lakini faili linasema mwingine.* Angalia kama faili ni la kuidhinisha fedha, kuagiza au kuzindua. Kati ya idhini na uzinduzi miaka miwili mitatu ni ya kawaida.

*Hakuna faili lolote.* Inawezekana jiwe si la serikali. Jaribu tume ya wakfu (Mombasa na Unguja zote zinazo), daftari za kanisa, jumuiya za Kihindi zilizokuwa na majengo mtaani hapo, na klabu za zamani.

*Mwenye kiwanja anataka kuling'oa kesho.* Usibishane naye wala usilihamishe wewe. Piga picha zote za hatua ya 1 na ya 2 usiku huohuo, pima, andika jiwe linaelekea wapi na liko mita ngapi kutoka kona mbili za majengo ya kudumu, kisha toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale na serikali ya mtaa kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kama ni bikoni, mwambie mwenye kiwanja pia kwamba kung'oa alama ya upimaji ni kosa kisheria, na kwamba mpaka wake mwenyewe huenda unalitegemea jiwe hilo.